Kilo za Mwanafatuma

Ulimwona, usijifanye hukumwona. Saa saba mchana, pale Ukunda mbele ya duka la simu, jua limesimama utosini na lami inatoa mvuke, na mwanamke yule amevaa sweta ya sufu juu ya buibui. Alipanda mizani ya yule bwana anayepima watu uzito kando ya barabara kwa shilingi kumi. Bwana akainama, akasoma, kisha akapaza sauti kama anayenadi samaki: "Themanini na tisa, mama! Ongeza kumi nikupime na urefu!" Madereva wa tuktuk wakacheka. Wewe hukucheka, ni kweli. Wewe ulitazama simu yako, na ukiwa umeinamisha kichwa hivyo hivyo ukaimaliza kesi yake yote: anakula sana, mvivu, amejitakia.

Basi jua kwamba mwanamke huyo, saa ile, alikuwa hajatia tonge la wali mdomoni kwa siku kumi. Lishike hilo kwanza. Mengine utasimuliwa.

*

Jina lake ni Mwanafatuma, mke wa Suleiman fundi wa makuti, wa Mwabungo. Kwa miaka tisa alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja ya ufukweni Diani. Hoteli yenyewe haina haja ya kutajwa. Ukuta wake unapita katikati ya lililokuwa shamba la mikorosho la babu yake mzaa mama, na wenye kumbukumbu wanajua ukuta ulipanda mwaka gani, nani alitia sahihi, na nani hakuulizwa. Utotoni Mwanafatuma aliokota korosho mahali ambapo leo pana chumba namba mia moja na kumi na nne. Sasa alipiga deki hapo hapo, akatandika shuka, akabadilisha foronya, na jioni akaonyesha mkoba wake langoni ili askari ahakikishe kwamba hajaiba sabuni.

Sare mpya zililetwa na uongozi mpya. Zilikuwa gauni za kijani zenye zipu mgongoni, na wahudumu wa vyumba waliitwa wote kwenye chumba cha kupigia pasi kuzijaribu, mmoja mmoja, mbele ya wenzao. Aliyewavalisha alikuwa Virginia, msimamizi wao, mtu wa bara aliyekuja pwani na sanduku moja miaka kumi na tano iliyopita na hakurudi.

"Mwana, vuta pumzi ndani."

"Nimevuta."

"Vuta tena."

"Nikivuta tena mtanizika, Virginia."

Wenzake wakaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao, kwa sababu mtu akichekwa peke yake huumia zaidi. Zipu ilipanda hadi kiunoni, ikafika chini ya mbavu, ikagoma. Virginia akaivuta kwa mikono miwili. Ikagoma.

"Sikiza, mamaa," Virginia akasema, sauti yake imeshuka. "Mimi sina shida na wewe, wallahi. Lakini hizi nguo zimekuja saizi tatu tu, na kubwa kabisa ndio hii. Tarehe thelathini mikataba inaandikwa upya. Mwenye haenei kwa sare, anaenda nyumbani. Si mimi, ni ofisi. Una wiki tatu. Punguza mkate. Punguza chapati. Kwani wewe ni mgonjwa?"

"Mimi ni mgonjwa. Nina tezi."

"Tezi si ni ile ya kuvimba shingo? Yako iko wapi?"

Mwanafatuma akajigusa shingo. Ilikuwa laini, nzima, haina hata kovu la kumwonyesha mtu.

Angewezaje kuwaeleza? Miaka miwili nyuma, kwenye hospitali ya serikali, waliitoa damu yake ikapelekwa Mombasa, na ilipojibu wakamwambia kwamba ile tezi ya shingoni, ambayo wao huiita thairoidi, imechoka. Haikuvimba; imelala tu. Nayo ikilala, wakasema, mwili mzima hutembea taratibu: moyo, tumbo, akili. Mafuta hayachomeki. Wakampa kidonge kidogo cheupe cha kumeza kila alfajiri kabla ya kula kitu chochote, kisha angoje saa nzima. Maisha yake yote. Alikitii kidonge kile kama anavyoitii swala, na bado kila mwezi ulimkuta mzito zaidi, mwenye kuzizima zaidi, mbali zaidi.

Mbali, ndiyo. Hilo ndilo neno lililokaribia. Ilikuwa kana kwamba dunia imejaa maji hadi darini naye anatembea chini yake. Watu walimsemesha, akaona midomo ikicheza, kisha maneno yakamfikia polepole, moja moja, kama majani yanayozama. Korido ya hoteli ilirefuka. Toroli la mashuka lilisukumika lenyewe, naye akalifuata nyuma kama mtu anayefuata jeneza la asiyemjua. Sauti yake mwenyewe ilikuwa imekuwa nzito, ya kiume, na wakati mwingine alipoitikia alitazama nyuma kumtafuta aliyesema.

*

Nyumbani, kilo zile zile zilikuwa na jina jingine.

"Mashaallah, mke wa Suleiman amenawiri," walisema msikitini baada ya swala ya alasiri. "Suleiman, wewe unajua kulisha."

Naye Suleiman alizipokea sifa hizo kwa mikono miwili, maana sifa nyingine zilikuwa zimemkauka. Tangu hoteli zilipoanza kuezeka kwa makuti ya plastiki, yale yanayoletwa kwa makontena na hayaozi wala hayashiki moto, fundi wa makuti halisi alikaa mwezi mzima bila kupanda paa. Mshahara wa mkewe ndio uliowasha jiko. Hakuna aliyelijua hilo msikitini. Walichokiona ni mwili wa mkewe, nao ulimsemea vizuri.

Wanawake walimpongeza Mwanafatuma vingine. Kwenye harusi ya jirani, shangazi mmoja alimwekea kiganja tumboni mbele ya ukumbi mzima. "Hongera, mwanangu. Wa miezi mingapi?"

"Si mimba, shangazi."

"Usifiche neema ya Mungu, wewe!"

"Shangazi, si mimba."

Mkono ukaondoka taratibu, na yule shangazi akageukia sinia la mahamri kana kwamba ndilo lililomwita.

Jioni ya siku ile ya zipu Mwanafatuma alimwambia mumewe habari za sare.

"Baba Hadiya, nataka kukonda."

Suleiman akaacha kunoa panga. "Ukonde watu waseme nakunyima chakula?"

"Nisipokonda sitakuwa na kazi."

"Sare si inashonwa? Mwambie huyo Virginia atafute fundi aongeze kitambaa."

"Nimemwambia. Asema ofisi haitaki viraka."

Suleiman akaliweka panga chini. Kisha akasema, kwa upole, na hapo ndipo alipokosea: "Lakini, Mama Hadiya, si kweli kwamba huko hotelini mnakula mabaki ya bufee? Yale makeki? Mimi sikulaumu. Nauliza tu."

Mwanafatuma alimtazama kutoka chini ya maji yale. Jibu lilichukua muda kupanda, na lilipofika juu lilikuwa limekwisha kuchoka.

"Ndiyo," akasema. "Nala makeki."

Tangu siku hiyo akaacha kula.

*

Sokoni Ukunda, kando ya wauza mboga, alikaa Mapenzi, Mduruma wa Kinango. Ukame ulipomaliza ng'ombe wa mumewe, Mapenzi alitazama kilichobaki shambani, akaona ni udongo, akauza udongo. Wanawake wa pwani wameula tangu zama: vipande vilivyokaushwa, vyeupe na vya kijivu, vinavyofungwa kwenye gazeti. Wenye mimba huula, na wasio na mimba huula kwa siri. Mwanafatuma alianza miaka miwili iliyopita, kimoja kwa siku, kwa hamu tu isiyo na sababu. Sasa akaagiza pakiti tatu.

"Tatu?" Mapenzi akamkazia macho. "Kuna mtu humo ndani?"

"Hakuna mtu. Kuna njaa."

"Mwenye njaa hununua muhogo, mama."

"Muhogo unanenepesha."

"Hapo umesema. Sijawahi kuona nyungunyungu mwenye kitambi." Akafunga gazeti, akaongeza kipande cha bakshishi. "Huu nimeuchimba mahali ambapo hapajanyesha mwaka wa pili. Uweke kwenye ulimi, utasikia mvua."

Na kweli aliisikia. Kila alfajiri saa kumi na moja alimeza kidonge chake na funda la maji, akavaa sweta, akatoka nje kungali giza jepesi. Hakugusa chai. Hakugusa hata kokwa ya tende. Kipande cha udongo tu kilimsindikiza, kikiyeyuka taratibu chini ya ulimi, na mdomoni mwake ikanyesha mvua ya kwanza, ile inayopiga vumbi na kulinyanyua likanukia. Njia ya kwenda barabarani ikalainika. Kwa dakika kumi hakuwa na baridi wala njaa wala zipu. Alikuwa mtoto anayetembea peku juu ya majani ya mikorosho, na kila mahali palikuwa pake.

Mchana alikula tango na nusu yai. Jioni aliwapakulia mumewe na binti yake wali wa nazi, akaketi kando, akatafuna udongo wake, akisema amekula kazini. Ndipo siku ya kumi akapanda mizani ile uliyoikwepa macho. Alipoanza alikuwa themanini na saba.

*

Siku ya kumi na saba aliandaa chumba namba mia moja na kumi na nne kwa maharusi kutoka Ulaya. Maharusi hupewa bata maji: taulo mbili hukunjwa zikawa ndege wawili, wakawekwa katikati ya kitanda vichwa vikigusana, na maua ya bugenvilia yakamwagwa pembeni. Mwanafatuma alikuwa stadi wa bata maji kuliko wote. Hata Virginia alikiri. Mwili hukunjwa ukiwa umesimama. Shingo ndiyo inayotaka subira, na kwa ajili ya shingo aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Kwa ajili ya shingo tu.

Nje, jua lilipiga bwawa la kuogelea, na nuru yake ikaingia dirishani ikacheza darini, ikijikunja na kujikunjua. Akaitazama. Dari ikawa uso wa maji, yeye akawa chini, na huko chini palikuwa kimya kizuri. Ukuta haukuwapo. Bibi yake alikuwa akikaanga korosho kwenye bati, moshi ule mkali ukipanda, na babu yake akamwambia, lala mwanangu, hakuna anayekuja. Basi akalala. Alilala kama wanavyolala watu walio kwao.

"Mwana."

Mikorosho ikasogea.

"Mwana! Mwanafatuma!"

Virginia alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake mzungu mmoja na mkewe na masanduku yao. Mwanamke wa kizungu alitabasamu kwa huruma. Mumewe alikuwa ameinua simu. Bata maji mmoja alikuwa amelala chini ya shavu la Mwanafatuma, amebondeka.

"Umekoroma," Virginia alimwambia walipofika korido. "Umekoroma hadi wageni wakaniita. Sasa nikusaidie na nini? Niambie wewe."

Barua ilitoka jioni ile ile. Ilimtaka afike ofisini tarehe ishirini na nane, saa tatu asubuhi, aeleze kwa nini asiachishwe kazi kwa kosa la kulala kazini na la kutofikia kiwango cha mwonekano. Mwonekano! Wana neno kwa kila kitu.

*

Tarehe ishirini na saba alikwenda hospitali. Alikaa kwenye benchi tangu saa moja. Muuguzi akampima, akaandika tisini na moja, na bila kuinua kichwa akasema, "Punguza chapati, mama."

Saa saba akaingia kwa tabibu. Alikuwa kijana mgeni, jina lake Gedion, aliyeletwa kutoka magharibi mwa nchi mwezi huo huo, na alikuwa bado hajajifunza kuharakisha watu. Akamwangalia kope zilizovimba, akamshika mikono iliyokuwa baridi kama kaa la jana, akasoma kadi yake.

"Kidonge unameza kila siku?"

"Kila siku."

"Haujawahi kuruka?"

"Nimeruka kula, daktari. Kidonge sijaruka."

"Ukishakimeza, unafanya nini?"

"Nangoja saa nzima. Sili kitu."

"Hata chai?"

"Hata chai. Naruhusiwa maji tu, walinambia."

Gedion akainama karibu. Alikuwa anatazama pembe ya mdomo wake, ambapo palikuwa na unga mwembamba wa kijivu, na ukucha wa kidole gumba wenye unga ule ule. Alipouliza, aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani.

"Mama, na udongo je?"

Mwanafatuma akaona haya kama aliyefumwa. "Udongo si chakula, daktari."

"Mama yangu pia husema hivyo. Mimi ndiye nilikuwa natumwa kumnunulia." Akasogeza kiti. "Unakula saa ngapi?"

"Nikishameza kidonge. Njiani."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

Akaweka kalamu chini. Akamweleza, polepole, akingoja kila neno lifike. Kwamba udongo ukiwa tumboni hunyonya dawa kama kitambaa kikavu kinavyonyonya maji, kisha huondoka nayo. Kwamba kidonge kilifika tumboni kila alfajiri, ila damu huenda haikukiona sawasawa hata siku moja. Kwamba hata hamu yenyewe ya udongo huenda ni upungufu wa damu unaolalamika, na tezi iliyolala huuleta. Kwamba kadiri alivyojinyima chakula akala udongo, ndivyo alivyozidi kuifukuza dawa, na ndivyo kilo zilivyozidi.

Maneno yakazama, moja moja, hadi chini kabisa. Kisha kitu kikapanda kwa kasi ambayo Mwanafatuma alikuwa ameisahau mwilini mwake.

"Miaka miwili mumenihesabia chapati," akasema. "Kila niliyekaa mbele yake. Punguza mkate, punguza ugali, punguza chapati. Chapati zipi? Kila mtu amenambia nisile nini. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nala nini!"

"Mimi nimeuliza leo, mama."

"Leo ni tarehe ishirini na saba."

Gedion akaiokota kalamu. Angetaka damu yake ipimwe siku hiyo hiyo, lakini kemikali ya kupimia tezi ilikuwa haijaonekana hospitalini hapo tangu Ramadhani, na kila aliyeulizwa alisema imeagizwa. Akaandika barua kwa mkono wake: kwamba mgonjwa huyu ana ugonjwa wa tezi, kwamba usingizi wake na uzito wake vinatokana nao, kwamba dawa haikuwa ikimwingia vizuri na sasa itamwingia, na kwamba apewe wiki sita kabla ya kupimwa na kuhukumiwa. Neno "kuhukumiwa" alilifikiria, akaliacha libaki.

*

Suleiman aliisoma barua ile alasiri, ameketi juu ya rundo la makuti ambayo hakuna aliyeyaagiza. Aliisoma mara mbili.

"Kwa hiyo makeki..."

"Hapakuwa na makeki."

"Na ulinambia ndiyo."

"Ulikuwa umekwisha kujijibu, Baba Hadiya. Nilikuitikia tu."

Akaikunja barua, akaikunjua. "Walikuwa wananipongeza," akasema hatimaye, uso wake chini. "Wananiambia mkeo amenawiri. Na mimi napokea. Ulikuwa unaumwa mbele ya macho yangu, na mimi nasema alhamdulillahi."

Mwanafatuma hakumwambia "si neno". Lilikuwa neno. Akaenda ndani, akatoa pakiti zote za udongo alizozificha chini ya leso, akazimwaga shimoni nyuma ya nyumba. Mate yakamjaa mdomoni. Alisimama pale muda mrefu, akiinusa ile mvua ambayo hatainywa tena, na huzuni yake ilikuwa ya kweli, usimcheke.

*

Ofisi ya wafanyakazi ilikuwa na baridi ya mashine. Mwanafatuma aliingia na sweta yake. Nyuma ya meza alikaa Samuel, ofisa wa wafanyakazi, kijana nadhifu wa saa kubwa, na pembeni yake Virginia.

Samuel akaisoma barua ya Gedion. "Pole sana, mama. Lakini hii haisemi kama utapona."

"Yasema nipewe wiki sita."

"Na sare?"

"Baada ya wiki sita mtanipima tena. Nikiwa vile vile, nitaondoka mwenyewe."

"Mama, msimu unafungwa baada ya wiki mbili. Mikataba inafungwa kesho kutwa. Kampuni haiwezi kushika nafasi kwa sababu ya..." akatafuta neno, "...ya mambo ya kilo."

"Si mambo ya kilo. Ni mambo ya tezi. Umeyasoma hapo."

Samuel akatelezesha karatasi juu ya meza. Ilikuwa imechapwa tayari, na jina lake limeandikwa vizuri, bila kosa hata moja. "Hii inasema unaondoka kwa hiari yako. Ukiisaini, utapata barua nzuri ya kukutambulisha. Usipoisaini, itabidi tuandike kwamba ulilala kwenye kitanda cha mgeni. Chagua, mama. Mimi nakusaidia."

Akampa kalamu. Mwanafatuma akaishika. Maji yale yalikuwa bado yamejaa chumbani, siku moja bila udongo haiyapunguzi, na kalamu ilielea vidoleni mwake kama isiyo na uzito. Ingekuwa rahisi. Mkono ungekwenda wenyewe, kama toroli.

"Virginia," akasema. "Vyumba kumi na vinne kwa siku. Miaka tisa. Niliwahi kukosa?"

Virginia akatazama meza. "Hapana."

"Sema kwa sauti, huyu asikie."

"Hajawahi kukosa," Virginia akasema. "Samuel, si umpe tu hizo wiki. Nitamshonea hiyo nguo mimi mwenyewe."

"Virginia, tafadhali. Usijiingize. Hata wewe mkataba wako ni wa tarehe thelathini."

Mashine ya baridi ikanguruma. Mwanafatuma akaiweka kalamu juu ya meza, sambamba na karatasi, kwa uangalifu ule ule anaowekea taulo kwenye kitanda cha mgeni.

"Sisaini."

"Basi mama, unaweza kwenda. Tutakuandikia."

"Siendi."

"Sijakuelewa."

"Nimesema siendi. Nataka wiki sita. Nitakaa hapa mpaka uziandike." Akavuta kiti, akaketi, na kilo zake zote tisini na moja zikaketi pamoja naye, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili zilimfaa: kiti kilimshika kama mti unavyoshikwa na ardhi. "Shamba hili tuliondolewa mara moja bila kuulizwa. Leo niulizeni."

Samuel akainua simu kuita askari wa lango.

Ameketi. Saa hii unaposoma mstari huu, ameketi, na askari wako njiani, na hawatajua wamshike wapi. Virginia amesimama na bado hajaamua aende upande gani wa meza. Wiki sita ndizo anazodai mwanamke huyu, siku arubaini na mbili, kidonge kimoja na funda la maji kila alfajiri. Hakuomba zaidi.

Nawe unayo ofisi kama hiyo katika maisha yako. Kama wewe ndiye mwenye karatasi iliyochapwa tayari, ichane. Usingoje kikao. Kama wewe ndiye uliyesimama kando, vuka uende upande wake, mkataba wako na uwe wa tarehe yoyote. Na kama huna meza wala mkataba, basi unao mguu: ondoka hapo ulipo, nenda kwenye hospitali yenu ya serikali, simama dirishani uulize kemikali ya kupimia tezi iko wapi, na wakikujibu imeagizwa, uliza iliagizwa lini, na nani, na usitoke kwenye foleni mpaka wakuandikie tarehe. Watakuambia rudi kesho. Usirudi kesho. Nenda sasa, uketi.